HUKUMU YA NG'OMBE ALIYEGEUZWA HUNDI

Mwezi huu tumekusudia kuwaeleza khabari ya kitabu kimoja kikuukuu ambacho kwanza kilituchekesha, kisha kikatutahayarisha, na mwisho kikatufunza. Hatukusudii kukisifu kupita kiasi, wala hatusemi kuwa kila nyumba lazima iwe nacho. Lakini yaliyotupata kwa sababu yake ni yale yale yanayowapata watu wengi siku hizi, na kwa hivyo tumeona si vema kuyanyamazia, ijapokuwa aibu ya mambo hayo ni yetu sisi wenyewe.

Kitabu chenyewe tulikinunua Mombasa, kwa mchuuzi mmoja anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya turubali kando ya njia. Sisi tulikwenda kutafuta juzuu za watoto wetu wa chuoni. Tulipokuwa tukipekua, mkono ukaangukia kitabu cha Kiingereza kilichochanika jalada, kurasa zake za mwanzo zimekwenda na pembe zake zimeliwa na wadudu. Mchuuzi akatuambia, "Maalim, hiki ni kitabu cha kesi za Uingereza. Chukua kwa shilingi mia." Tukakichukua, kwa kuwa nyumbani kwetu yupo binti wa marehemu kaka yetu ambaye anangojea kwenda chuo kikuu kusoma sheria, nasi tulitaka kumtia moyo.

Elimu yetu sisi ni ya chuo cha Qurani na ya skuli ya msingi, na Kiingereza chetu ni kile cha kuombea maji. Basi kila usiku baada ya sala ya isha binti yetu akawa anasoma na kutufasiria, na sisi na mama watoto na vijana wetu tumekaa mkekani tunasikiliza.

Kesi ya kwanza kutusomea ilikuwa ya bwana mmoja wa London, jina lake Albert Haddock. Bwana huyu alikuwa akidaiwa kodi ya mapato pauni 57, na alikuwa amechoshwa na barua za mtoza kodi. Siku moja akaja ofisini na ng'ombe mkubwa mweupe, na ubavuni mwa ng'ombe yameandikwa kwa wino mwekundu maneno ya kuiamuru benki yake imlipe mtoza kodi pauni 57. Ng'ombe yule ndiye hundi. Mtoza kodi akataka kutia sahihi yake kama desturi, lakini ng'ombe hakupenda kutiwa sahihi, akatisha kwa pembe, na mtoza kodi akakataa kumpokea. Haddock akaondoka na ng'ombe wake, na alipofika Trafalgar Square akakamatwa na polisi kwa kosa la kuzuia njia. Mambo yakaenda mahakamani. Hakimu akaamua kuwa hundi ile ilikuwa halali, kwa sababu sheria haikusema hundi lazima iwe ya karatasi, na kwamba mtu aliyeletewa malipo akayakataa hana haki ya kulalamika kuwa hakulipwa.

Tulicheka mpaka machozi. Lakini hatukudhani hata mara moja kuwa ni kisa cha kutungwa. Majina ya mdai na mdaiwa yalikuwapo, na hakimu na mawakili wametajwa, na hoja zimepangwa moja baada ya moja kwa lugha nzito ya kimahakama. Tukasema, Waingereza wana mambo!

KHABARI ILIVYOTEMBEA

Kesho yake baada ya alasiri tukaketi na wenzetu katika baraza ya msikiti, tukawasimulia kesi ya ng'ombe. Tuliwaambia kuwa ni kesi ya kweli iliyohukumiwa Uingereza, na kuwa tumeisoma sisi wenyewe kitabuni. Watu wakacheka, wakastaajabu. Kijana mmoja mwenye duka akaitia khabari ile katika simu yake, akawapelekea jamaa zake wa Dar es Salaam na wa Maskati, na mwanzoni akaandika kuwa ameisikia kwa maalim wetu.

Hazikupita siku tatu khabari ikaturudia kutoka Maskati. Ng'ombe amekwisha kuwa ngamia, pauni 57 zimekuwa elfu hamsini na saba, na London imekuwa mji mwingine kabisa. Kitu kimoja tu hakikubadilika. Jina letu lilikuwa bado liko mwanzo wa khabari, kuwa sisi ndio wapokezi wake.

Katika baraza ile alikuwapo mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, mtu wa maneno machache. Alipoona watu wametawanyika akatukaribia, akasema kwa adabu, "Maalim, nakuuliza jambo dogo. Kesi hii ilihukumiwa mahakama gani, mwaka gani, na imeandikwa katika daftari gani la hukumu?" Hatukuwa na jawabu. Akatuambia, "Mimi nilishika majalada ya mahakama miaka thelathini. Kesi isiyokuwa na mwaka wala mahakama, huifanyia shaka kwanza."

Tukarudi nyumbani tukampa binti yetu kazi ya kutafuta asili ya kitabu. Haikumchukua siku mbili. Akaja akatuambia, "Ami, haya yote yametungwa. Hakuna ng'ombe wala Haddock." Kumbe jina la kitabu ni *Uncommon Law*, kilichotoka mwaka 1935, na ndani yake mmekusanywa visa 66 ambavyo mtungaji mwenyewe aliviita kesi za kupotosha. Onyo hilo lilikuwa limeandikwa katika kurasa za mwanzo, na kurasa hizo ndizo zilizokosekana katika nakala yetu. Binti yetu akazidi kutueleza kuwa hatukuwa wa kwanza kuteleza hapo. Wako watu huko huko Ulaya walioipokea kesi ya ng'ombe kuwa ni kweli.

Walakini hilo halikutupoza moyo. Hatukuhitaji kurasa zilizopotea ili tuseme kweli. Tulihitaji kuuliza tu, kama alivyouliza karani, nasi hatukuuliza.

Na uzito wa jambo lenyewe ulikuwa huu. Wiki mbili kabla ya hapo mtoto mmoja wa chuoni kwetu alikuja na khabari kuwa chuo kitafungwa, akawapa wenzake, na nusu yao hawakuja siku ya pili. Tulimsimamisha kando ya ukuta muda wa somo zima, tukamsomea maneno mengi juu ya kuhakikisha khabari kabla ya kuzitangaza. Mtoto alijitetea kuwa alimsikia mtu mzima akisema. Sisi tukamjibu kuwa hiyo si hoja.

Basi Jumamosi tukaanzia barazani, tukawaambia watu waziwazi kuwa kesi ya ng'ombe ni kisa cha kutungwa na kuwa kosa ni letu. Tukamwomba yule kijana mwenye duka apeleke masahihisho kwa kila aliyempelekea khabari. Kisha tukaenda chuoni, tukawakusanya watoto, tukawaeleza yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Yule mtoto akanyanyua mkono, akauliza, wala hakuuliza kwa kejeli, "Maalim, na wewe utasimama ukutani?" Chuo kizima kikanyamaza. Tukasimama. Tukasomesha siku ile kwa miguu mpaka adhuhuri, na twakiri kuwa magoti yetu hayakuturidhia. Lakini tangu siku hiyo watoto wetu wakileta khabari huanza kusema wameitoa wapi kabla hatujawauliza.

MTUNGAJI ALIKUWA NANI?

Baada ya haya binti yetu aliogopa kuwa tutakitupa kitabu. Tukamwambia tutajie kwanza mtu huyu alikuwa nani, na alikusudia nini.

Jina lake ni Alan Patrick Herbert, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1890 na kufariki mwaka 1971. Alisoma sheria Oxford, akamaliza mwaka 1914, akaingia vitani na kupigana Gallipoli. Mwaka 1918 alipata haki ya kuwa wakili, lakini hakuifanya kazi ya uwakili hata siku moja. Akashika kalamu. Mwaka 1924 alijiunga na gazeti la mzaha la *Punch*, na humo ndimo alimokuwa akizitoa kesi zake moja moja. Mkusanyo wa kwanza ulitoka mwaka 1927, na mingine ikafuata.

Mtu huyu aliijua sheria barabara, na ndiyo sababu mzaha wake ulishika. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 juu ya hundi inataka amri ya malipo iwe ya maandishi, iwe na sahihi, na iwe ya kiasi kinachojulikana. Haikutaja karatasi. Herbert akauchukua upenyo huo mdogo akampitisha ng'ombe mzima. Tena jambo hili halikosi kutuhusu na sisi. Sheria za Kenya na za Tanzania juu ya hundi zimejengwa juu ya msingi ule ule wa Kiingereza. Kenya hutazama tarehe 12 Agosti 1897 kuwa ndiyo mpaka wa sheria za jumla za Uingereza zilizopokewa, na Tanganyika ilitazama tarehe 22 Julai 1920. Kwa hivyo anayecheka kwa kesi ya Haddock anacheka kwa nyumba ambayo sisi nasi tunakaa chumba kimoja ndani yake.

Kesi nyingine inasema kuwa Mto Thames ulifurika ukaingia njiani, na Haddock akawa anapita na mashua pale pale inapopita motokaa. Kanuni ya baharini inawataka wanaokutana waelekee kuliani, na kanuni ya barabara za Uingereza, kama yetu, ni kushika kushoto. Mashua na motokaa zikakutana uso kwa uso, na kila mmoja ameishika kanuni yake. Je, mahali pale palikuwa bahari au palikuwa njia? Mpwa wetu mmoja ambaye ni baharia alikaa usiku kucha akibishana na nafsi yake.

Iko pia kesi ya mwanamke aliyeshitakiwa kwa uzembe wa kuendesha mashua ya mota. Sheria ya Kiingereza humpima kila mtu kwa mfano wa "mtu mwenye busara", yaani yule wa kubuni ambaye hakurupuki wala hasahau. Katika kisa hiki hakimu anasema kuwa amepekua vitabu vyote akamkuta mwanamume mwenye busara, lakini mwanamke mwenye busara hakumwona popote, basi kwa sheria hayupo, na mwanamke huyu hawezi kulaumiwa kwa kukosa busara. Vijana wetu wakacheka sana. Mama watoto hakucheka. Alisema, "Bibi huyo ameshinda kesi, ameshindwa heshima." Tukaona kuwa ameifahamu kesi ile kuliko sisi sote, maana Herbert hakuwa akiwacheka wanawake. Aliwacheka waliotunga vitabu vya sheria karne nyingi wasikumbuke kuwa wanawake nao wapo.

Na katika kesi nyingine Haddock anaruka kutoka daraja la Hammersmith na kuingia mtoni, kwa kufurahisha nafsi yake tu. Polisi wanamfungulia mashtaka chungu nzima. Mahakimu wanaona vigumu kulitaja kosa lake, walakini wanaona lazima liwe kosa, kwa kuwa haifai mtu afanye jambo kama hilo kwa furaha tu. Hapa cheko lina uchungu. Ni watu wangapi wamekamatwa kwanza, kisha ndipo kosa likatafutwa?

MZAHA ULIOGEUKA SHERIA

Herbert hakuishia kuandika. Mwaka 1934 alikwenda mahakamani kwelikweli kuishitaki kamati ya jikoni ya Bunge la Uingereza, kwa kuwa ndani ya jengo la Bunge pombe ilikuwa ikiuzwa bila leseni, na raia mwingine akifanya hivyo hushitakiwa. Sisi pombe hatuitetei, iwe na leseni au isiwe nayo. Hoja yake ilikuwa nyingine, nayo ni kuwa je, mtunga sheria yumo ndani ya sheria yake? Mahakama ilijibu kuwa haiwezi kuingilia mambo ya ndani ya Bunge. Kesi hiyo ni ya kweli, nayo imo katika madaftari ya hukumu ya mwaka 1935. Safari hii tumeuliza kabla ya kuandika.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa katika mambo ya ndoa. Wakati ule, kwa sheria ya Uingereza, mtu hakuweza kupata talaka mahakamani ila kwa kuthibitisha kuwa mwenzake amezini. Mke aliyepigwa kila siku hakupata talaka kwa sababu hiyo peke yake, wala aliyetelekezwa na mumewe miaka mingi. Na mume na mke wakigunduliwa kuwa wamepatana, talaka huzuiwa. Matokeo yake ni kuwa watu waliokuwa hawakuzini walijisingizia. Mume alikwenda hotelini na mwanamke wa kukodiwa, wakakaa mpaka asubuhi, ili mtumishi wa hoteli aje awaone na awe shahidi. Kisha wote wakaenda kuapa mbele ya hakimu.

Angalieni jambo hili, ndugu zetu. Sheria iliyowekwa ili kulinda ndoa ilikuwa inawafunza watu kusema uongo baada ya kula kiapo. Herbert alilieleza katika riwaya yake *Holy Deadlock* ya mwaka 1934, kwa mzaha wenye huzuni ndani yake. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mbunge wa kujitegemea wa Chuo Kikuu cha Oxford, akakaa katika kiti hicho mpaka viti vya vyuo vikuu vilipoondolewa mwaka 1950. Alipoingia tu Bungeni alitangaza kuwa atalishughulikia jambo hili. Mwaka 1937 sheria mpya ya ndoa ikapitishwa, na ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1938. Kwa sheria hiyo ukatili, na kutelekezwa miaka mitatu, na wazimu usioponyeka, vyote vikawa ni sababu za talaka. Mke aliyeteswa akaweza kusema kweli na akasikilizwa.

Sisi tuna mlango wetu wa mambo haya, na kadhi wetu, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali. Hata hivyo funzo la Herbert linatufikia. Mlango wa haki ukiwa mwembamba mno, watu hupita dirishani. Na yeyote anayepewa kuhukumu, awe kadhi, au mzee wa mtaa, au baba katika nyumba yake, na ajiulize kama anawapa watu nafasi ya kusema kweli, au anawalazimisha wadanganye ili wapate haki yao.

JE, MZAHA WAFAA?

Mwanafunzi mmoja alituuliza, "Maalim, ikiwa visa hivi ni vya uongo, si haramu kuvisoma?" Swali lake ni zuri. Tunajua kuwa limekuja onyo kali kwa mtu asemaye uongo ili awachekeshe watu. Na tunajua vile vile kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya mzaha, ila hakusema katika mzaha wake isipokuwa kweli. Hatuna cheo cha kutoa fatwa, na mwenye shaka na awaulize masheikh. Sisi twasema yale tu tuliyoyaona.

Wazee wetu walitukuza kwa visa vya Abunuwasi. Nani kati yetu hakukijua kisa cha maskini aliyeshitakiwa kwa kunusa harufu ya mbuzi wa tajiri, akaamuliwa amlipe tajiri kwa mlio wa fedha? Hakuna mtoto aliyedanganyika kwa kisa kile, maana kila mtu alijua kuwa ni mfano, na bibi aliyetusimulia hakusema kuwa alikuwapo. Basi ubaya haumo katika mfano. Ubaya huingia pale mtu anapoung'oa mfano mahali pake, akautia katika baraza na katika simu, akauita khabari. Herbert aliweka onyo mwanzo wa kitabu chake. Wakati ulizing'oa kurasa zile, na ulimi wetu ukamaliza kazi.

Nanyi vijana wetu, kwa siku moja hupita katika mikono yenu khabari nyingi kuliko zilizompitia babu yenu mwaka mzima, na takriban zote zimekwisha kung'olewa kurasa za mwanzo. Haziji na mwaka wala mahali, wala jina la aliyeziona kwa macho yake. Kabla hamjazipeleka mbele, kumbukeni maswali ya karani mstaafu, mjiulize ni mahakama gani, mwaka gani, na daftari gani. Asiyeweza kuyajibu si dhambi kwake kunyamaza.

Kitabu chetu hatukukitupa. Binti yetu amekishona upya kwa uzi, akakivika jalada la karatasi ya khaki, na mahali pa kurasa zilizopotea ametia karatasi nyeupe. Juu yake ameandika kwa mkono wake jina la kitabu, na la mtungaji, na mwaka, na chini yake kwa herufi kubwa kuwa yaliyomo humu yametungwa kwa mzaha na mwenye kuyasimulia na aseme hivyo. Akienda chuo kikuu ataondoka nacho. Nasi twamwombea Mwenyezi Mungu amjaalie awe wakili ambaye watu wakija kwake hawatahitaji kuleta ng'ombe ili wasikilizwe. Amin.